Namba za Pythagoras katika uzi wa zeze

Swali: Mhariri, ninafundisha kwaya hapa Chamwino, Dodoma. Nimesikia kwamba Wagiriki wa kale walifundisha kuwa muziki ni hesabu. Je, ni kweli?

Msomaji, Chamwino

Jibu: Ndugu mwalimu, ni kweli kwa kiasi kikubwa, nawe unaweza kuupima ukweli huo mwenyewe. Pythagoras, mwanafalsafa Mgiriki aliyeishi karne ya 6 kabla ya Kristo, hakuacha maandishi, lakini wafuasi wake waliamini kwamba namba ndizo kiini cha vitu vyote, na ushahidi wao mkubwa ulikuwa uzi uliowambwa. Chukua zeze ambalo uzi wake unatetema kwa sentimita 60, na sauti yake uiite do. Ukiubana zikabaki 30, utasikia do ya juu. Zikibaki 40, so. Zikibaki 45, fa. Uwiano ni 2 kwa 1, 3 kwa 2 na 4 kwa 3, yaani namba nne za kwanza tu, ambazo jumla yake, 10, waliiheshimu kama kitu kitakatifu.

Kisa cha kale kwamba Pythagoras aligundua uwiano huu aliposikia nyundo za mhunzi zikigonga usikifundishe, kwa sababu uzito wa nyundo hautoi sauti kwa uwiano huo. Kinachonisisimua zaidi ni kwamba hesabu yenyewe haifungi: ukipanda kwa hatua ya do hadi so mara 12, unaipita kidogo do iliyo oktavu 7 juu, yaani hatua 7 za do hadi do ya juu. Ndiyo maana katika kinanda cha leo kila so imeshushwa kidogo mno, ilhali kwaya inayoimba bila ala inaweza kuiimba kamili.