Kabla hujafungua kichupa cha kipokezi cha ubongo

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa ubongo huku Mtwara na Lindi, mkitaka kununua kipokezi, yaani protini ya seli inayopokea ujumbe wa kemikali, anzeni na karatasi ya maelezo ya protini hiyo. Isomeni kabla ya kuagiza, msingoje mzigo ufike. Unga ule mdogo ulio kichupani mara nyingi si kipokezi kizima, ni kipande chake tu. Jeni ya binadamu hupandikizwa kwenye bakteria, seli za wadudu au seli za binadamu zinazokuzwa maabara, kama HEK293. Seli hizo ndizo zinazotengeneza protini, kisha inasafishwa na kukaushwa.

Iliyotoka kwenye bakteria huwa nafuu, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Bakteria wa kawaida wa maabara, E. coli, haiwekei protini minyororo ya sukari kama seli zetu zinavyofanya, na protini kubwa mara nyingi haikunjwi sawasawa. Kama unataka alama ya kulinganishia uzito kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, inatosha. Ukitaka kuona kitu kinavyonasa kwenye kipokezi, huenda isikusaidie.

Chukua kipokezi cha NMDA, kinachopokea ujumbe wa glutamati kwenye ubongo. Mwaka 2007 kundi la Josep Dalmau lilieleza ugonjwa ambao kingamwili za mtu mwenyewe hushambulia kipokezi hicho. Mgonjwa huchanganyikiwa, huona visivyokuwepo, hupata degedege. Kwetu pwani wengi wangesema amepandwa na majini. Kingamwili hizo hukitambua kipande kiitwacho GluN1 kikiwa kimekunjwa katika umbo lake. Umbo likiharibika, hazishiki, nawe utaandika "hakuna" wakati kingamwili zipo. Hili linaniuma kuliko kosa lolote la vipimo, kwa sababu jibu la uongo linaonekana safi kabisa.

Tofautisheni pia aina za vipokezi. TrkB, kipokezi cha protini ya kukuza neva iitwayo BDNF, hupita kwenye utando wa seli mara moja tu, kwa hiyo sehemu yake ya nje inaweza kukatwa ikabaki na uwezo wa kushika BDNF. Kipokezi cha dopamini D2 hupita mara saba. Ukikitoa kwenye utando bila sabuni maalumu au kitu cha kukishikilia, umbo linavurugika. GABA-A, kipokezi cha kemikali ya GABA inayotuliza ubongo, ambacho dawa ya diazepam hufanyia kazi, kina vipande vitano vilivyoungana. Anayetaka kupima mizizi ya dawa za kienyeji kwa GABA-A asinunue kipande kimoja akadhani amemaliza.

Sasa kichupa kimefika. Unga mkavu kwa kawaida husafiri vizuri kutoka Dar es Salaam ukiwa na vifuko vya barafu. Protini ya maji iliyogandishwa inataka barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, na barafu ya wavuvi haitoshi. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na unga huo huvuta maji kama korosho iliyokaangwa ikiachwa wazi. Kitoe kichupa kwenye friza, kiache kimefungwa hadi kifikie joto la chumba, kizungushe kidogo kwenye sentrifuji ili unga ulionasa kwenye kifuniko ushuke, ndipo ufungue. Weka bafa, yaani kimiminika cha kuyeyushia kinachotunza kiwango cha asidi, taratibu ukifuata ukuta wa kichupa, usitikise kwa nguvu, mapovu yanaharibu.

Kwa mfano, mikrogramu 50 kwenye mikrolita 250 hukupa 0.2 mg kwa mililita. Igawe papo hapo kwenye vichupa vya mikrolita 10, kila kimoja mikrogramu 2, kitumike mara moja. Kugandisha na kuyeyusha tena na tena kunaua protini kimyakimya. Friza za nyumbani zinazojiyeyusha barafu zenyewe msizitumie kwa kazi hii, maana joto lake hupanda na kushuka kila mara. Umeme ukikatika, msifungue mlango. Jazeni nafasi tupu kwa chupa za maji yaliyogandishwa.

Kila toleo jipya la protini unalonunua lipimwe kwanza na kitu unachojua kinashika, kama BDNF kwa TrkB, kabla ya sampuli yako. Na kichupa kikiandikwa kuwa ni kwa utafiti tu, kibaki kwenye utafiti. Daktari wa wodini akikuomba umpimie mgonjwa wake, mkatalie kwa heshima, msaidie kupeleka sampuli kwenye maabara iliyoidhinishwa kwa kipimo hicho.