Dawa ndani ya vitundu vya silika: maswali yenu

Kijana wangu anasoma UDOM, anasema siku hizi dawa zinafichwa kwenye "mchanga wa nano". Ni kweli? (Mzazi, Nkuhungu)

Kweli, ila mchanga wenyewe hutengenezwa maabara. Wakemia hutia majini kemikali jamii ya sabuni, ambazo hujipanga zenyewe kama vijiti. Silika, yaani kile kinachounda mchanga, hugandia pembeni, kisha vijiti huchomwa. Kinachobaki ni chembe iliyojaa vitundu vyenye upana wa nanomita 2 hadi 4 hivi. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Ukitandaza kuta za vitundu vya gramu moja tu, utapata kama mita za mraba 1,000, yaani robo eka ya shamba la zabibu! Watafiti wa kampuni ya Mobil waliitangaza silika hiyo mwaka 1992. Mwaka 2001, María Vallet-Regí na wenzake wa Madrid, Hispania, waliipakia dawa ya maumivu, ibuprofeni, nayo ikatoka polepole.

Inajuaje pa kuiachia dawa? (Kondoa)

Haijui. Midomo ya vitundu huzibwa kwa kitu kinachobanduka kwenye asidi, na uvimbe wa saratani mara nyingi una asidi zaidi kidogo kuliko nyama nzima. Kazi ngumu ni kufika huko, maana ini hunasa chembe nyingi njiani.

Mdogo wangu yuko kwenye karasha la dhahabu Singida. Silika si ndiyo inayoua mapafu? (Bahi)

Ndiyo, na nashukuru umeuliza. Vumbi la mawe yale lina silika ya fuwele, yaani iliyojipanga kwa safu kama punje za chumvi. Likivutwa huacha makovu yasiyofutika mapafuni, na hurahisisha kifua kikuu kuingia. Silika ya kubebea dawa haina fuwele. Huyeyuka taratibu na kutoka kwa mkojo, ingawa nayo bado inapimwa usalama wake. Mwambie mdogo wako mawe yamwagiwe maji yanaposagwa. Kitambaa usoni hakitoshi, avae barakoa yenye chujio. Akikohoa wiki mbili, akapime kifua kikuu bila kungoja.

Bibi hawezi kumeza kidonge cha presha, namsagia kwenye uji. Kuna shida? (Mpwapwa)

Tazama kasha. Ukiona herufi SR, XR au ER, acha kukisaga leo hii. Kidonge hicho hakina silika ya vitundu, lakini nacho kimeundwa kuachia dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukikisaga, dozi yote inaingia kwa mkupuo, presha inaweza kushuka ghafla bibi akaanguka. Nenda na kasha kwa daktari au mfamasia, abadilishiwe dawa anayoweza kuimeza.