Jibu: Kwa nini mtoto apasuliwe leo na mtu mzima asubiri mwezi?

Dada, nimesoma swali lako. Mwanao wa wiki tatu katapika kijani, vipimo vimeonyesha utumbo haukujipanga, na daktari anataka saini yako usiku huu huu. Shemeji yako ana tatizo hilohilo na kapangiwa mwezi ujao. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, wa umri wote nimewapokea. Kama hujasaini, saini kwanza ndipo urudi kusoma.

Anayekuuliza ulikula nini ukiwa mjamzito, mpuuze. Mimba ikiwa bado changa, utumbo wa kijusi hutokeza kwenye kitovu, hujizungusha nyuzi 270, kisha hurudi tumboni na kujishika kwa upana, kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Wa mwanao haukumaliza mzunguko. Umeshikwa sehemu nyembamba tu, kama nguo iliyoanikwa kwa kibanio kimoja, na hapo hapo ndipo mshipa mkuu wa damu unapopita. Ukijisokota, damu inakatika, na ndani ya saa chache utumbo unaweza kufa. Ukishakatwa karibu wote, mtoto atakula kupitia wapi? Hiyo ndiyo haraka ya daktari.

Ule ukijani ni nyongo, maana yake njia imeziba chini ya pale nyongo inapoingilia. Wengi huanza hivyo mwezi wa kwanza. Kinachoniudhi ni neno "chango". Tumbo la kichanga mwanzoni huwa laini, halijajaa, bibi anachemsha dawa, na kesho yake mtoto analetwa amelegea, choo kina damu. Maziwa meupe aliyocheua hayanishtui. Kijani kwa kichanga ni kwenda hospitali yenye daktari wa upasuaji, usiku wa manane ikibidi.

Kwa watoto wakubwa mambo hujificha: tumbo huja na kupotea, wanatapika, hawanenepi, na kila safari wanapewa dawa ya minyoo.

Shemeji yako ni kundi jingine. Nakumbuka kaka mmoja, fundi seremala, aliyekula dawa za vidonda vya tumbo miaka nenda rudi. Kamera ya kooni ikaingia, tumbo safi kabisa. Akishiba anajikunja, akilala ubavu maumivu yanaachia, mpaka nyumbani wakaanza kusema anakwepa kazi. Picha ya CT ndiyo iliyomtetea: utumbo mwembamba wote umekaa kulia. Mtu kama huyo, kama picha haionyeshi msokoto na anakula, kumpangia tarehe si kumpuuza. Ila mwambie shemeji: maumivu yakimbana ghafla yasiachie, au akitapika nyongo, tarehe hiyo imefutika, aende siku hiyo hiyo. Msokoto hauangalii umri.

Operesheni yenyewe inaitwa Ladd, jina la daktari wa Boston aliyeieleza mwaka 1936. Utumbo ukitoka umekuwa wa zambarau, daktari anauzungusha kinyume cha mshale wa saa, tunaufunika vitambaa vyenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, tunasubiri. Hapo hakuna anayeongea sana. Ukianza kurudisha wekundu, ndipo anakata nyuzinyuzi zinazobana na kutanua ule mshikio. Haurudishwi ulivyo kwa watu wengine: mwembamba unawekwa kulia, mpana kushoto. Kidole tumbo nacho kwa kawaida huondolewa, kwa sababu kingebaki kushoto na siku kikiugua kingempoteza daktari.

Baada ya hapo atakuwa na mpira puani na dripu, kunyonya kutasubiri utumbo uamke. Ukihisi maziwa yanakauka, kamua kila baada ya saa chache, omba wauguzi wakuhifadhie. Akiruhusiwa, piga picha karatasi zake zote uzitunze kwenye simu. Makovu ya ndani yanaweza kuziba njia hata baada ya miaka, kwa hiyo akitapika kijani tena, mrudishe siku hiyo na karatasi hizo mkononi.