Jibu: Kujiunga na tarika Bagamoyo

Asalaam aleykum ndugu, umeuliza ukiingia Qadiria, tarika ya Kisufi, hapa Bagamoyo maisha yanakuwaje na ada ni shingapi. Mi ni muridi, yaani mfuasi wa tarika hii, nakwambia ninavyoishi. Ada hamna bana, ila michango ipo, akifiwa mwenzenu simu inalia asubuhi hiyohiyo unatoa ulichonacho, asiye na hela anaenda kuchimba kaburi au kuteka maji na hakuna wa kumuuliza. Kwangu mimi undugu wenyewe uko hapo.

Dhikri yetu, kumtaja Mungu kwa pamoja, ni usiku wa kuamkia Ijumaa baada ya isha, chetezo kinapitishwa, mnasimama duara bega kwa bega, khalifa, kiongozi wetu wa tarika, anaanza polepole halafu sauti zinashuka mpaka inabaki pumzi ya kifuani tu, mgeni huwa anakimbilia anachoka mapema, we mfuate wa pembeni yako. Uradi, yaani dhikri na dua za kila siku, ndo mgumu maana unasoma peke yako hakuna anayekuona.

Ziara sasa, mkusanyiko wa kuwakumbuka masheikh waliotangulia, usiseme! Wageni mpaka wa Tanga na Unguja, masufuria ya pilau usiku kucha, na wazee wanamtaja Sheikh Ramiya, aliletwa mji huu mtumwa kutoka Kongo akawa mwanachuoni na khalifa mkubwa mpaka alipofariki 1931. Ndo maana mtu akianza habari za ukoo wake pale zawiyani, nyumba yetu ya dhikri, namshangaa sana.

Usikimbilie bai'a, kiapo cha kujiunga, njoo Alhamisi kadhaa ukae usikilize, ukiridhika mwone khalifa, atakuuliza swala tano kwanza. Na mkeo umwambie mapema, siku hizo utachelewa kurudi.