Kuwarudisha wachezaji kwa wenzi wao ukibuni miito papo hapo

Umeuliza namna ya kubuni miito papo hapo katika dansi ya mraba ya Marekani (jozi nne husimama kwenye pande nne za mraba na kufuata miito, yaani maagizo ya mwitaji) bila wachezaji kuishia na wenzi wa watu wengine. Usijaribu kuwakumbuka wote 8. Kabla ya muziki kuanza, kariri jozi mbili zinazopakana, tuseme ya 1 na ya 2 (jozi huhesabiwa kinyume cha saa). Usichukue 1 na 3: hizo hukabiliana, na miito ya kawaida huzisogeza sawasawa, kwa hiyo ya 3 haikuambii lolote jipya.

Ukitaka kumaliza, tengeneza mistari miwili ya watu wanne inayotazamana, kila mwanamke akiwa kulia kwa mwanamume. Mkutanishe mwanamume wa 1 na mwenzi wake, kisha wa 2. Jozi za 3 na 4 zitakuwa zimejipata zenyewe.

Hapo wengi hukimbilia mwito wa kushikana mkono wa kushoto na mwanamke wa kona (yule aliyekuwa kushoto kwa mwanamume mwanzoni), na mraba unavunjika. Kagua mfuatano kwanza: ukizunguka kinyume cha saa, 2 ifuate 1. Kama imegeuka, ita kila jozi ibadilishane nafasi na inayoitazama, halafu ndipo uite kona.

Kariri pia jozi mbili za mraba mwingine, maana mchezaji mmoja akikosea, hesabu ya mraba wake haitegemeki tena.