Kabla ya kushika barabara ya jangwani, jaribu jeki yako

Safari yangu ya kwanza ya jangwani niliipanga wiki 3: wapi nitaona machweo, wapi nitapiga picha. Jeki sikuigusa. Tulipopata pancha saa saba mchana, kwenye barabara ya changarawe yenye makunyanzi kama bati, nilizungusha jeki na badala ya gari kupanda, jeki yenyewe ikawa inazama mchangani. Tuliokolewa na kibao cha kukatia mboga, tukakisukumiza chini yake. Siku hizi nabeba kipande kinene cha mbao.

Basi, badilisha tairi moja ukiwa bado nyumbani, mwanzo hadi mwisho. Utajua kama spana inaingia, kama spea ina upepo, na utakumbuka kulegeza nati kabla ya kuinua gari. Upepo upime asubuhi, tairi zikiwa baridi. Ukiupunguza ili upite kwenye mchanga, urudishe kabla ya kukimbia kwenye lami, kwa hiyo pampu ni lazima.

Mafuta jaza kila kituo unachokikuta, hata kama tangi limepita nusu. Kwenye barabara namba 50 ya Nevada, Marekani, kutoka Austin hadi Fallon ni kama kilomita 177, na hiyo ni lami safi! Kwenye mchanga gari hunywa zaidi. Maji weka angalau lita 4 kwa kila mtu kwa siku, kisha ongeza ya siku moja ambayo hukuipanga. Ramani ipakue mapema.

Kuhusu mandhari, mchana mwanga huwa mkali na milima yote huonekana bapa. Uzuri uko alfajiri na jioni. Ila jioni ndipo wanyama huvuka barabara, kwa hiyo lala karibu na unapotaka kuona machweo, usiyakimbilie.

Gari likigoma, kaa nalo. Lina kivuli, na anayekutafuta ataliona mapema kuliko atakavyokuona wewe ukitembea.

Mwachie mtu njia yako na saa ya kuanza kuwa na wasiwasi. Mimi humwachia dada yangu. Mara moja nilichelewa nusu saa tu. Simu iliposhika mtandao nikakuta ameshanipigia mara 11.