Kabla hujatoboa bampa ili kupoza breki

Wengi wanaoniuliza kama gari lao linahitaji kupozwa breki kwa ajili ya siku za kukimbiza gari kwenye uwanja wa mbio huwa wameshanunua mabomba ya kupeleka hewa kutoka kwenye bampa hadi kwenye breki. Jibu langu huwaudhi kidogo: yaache kwenye boksi kwanza, nenda uwanjani, halafu ziangalie breki zako.

Joto hili si la kubahatisha. Gari la kilo 1,500 likitoka mwendo wa kilomita 180 kwa saa na kushuka hadi 72 kabla ya kona, breki zinameza zaidi ya jouli milioni 1.5 ndani ya sekunde chache, na sehemu kubwa inaishia mbele kwa sababu ukikanyaga breki uzito wa gari hulalia huko. Barabarani ukishafanya hivyo diski zina muda wa kupoa. Uwanjani kona nyingine ile pale. Mwendo nao una hila yake: kulisimamisha gari kutoka 200 kunazaa joto mara mbili ya kulisimamisha kutoka 140. Ndiyo maana gari lilelile linaweza kumaliza siku nzima salama kwenye uwanja wa kona zinazofuatana, kisha likaishiwa breki mapema kwenye uwanja wenye sehemu ndefu zilizonyooka.

Kipimo cha kwanza ni mguu wako. Pedeli ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari halishiki, pedi zimezidiwa na joto. Pedeli ikilainika na kuzama, mafuta ya breki yamechemka. Umetokea mvuke ndani, na mvuke unabonyea. Haya ni matatizo mawili tofauti, na mara nyingi hakuna hata moja linalohitaji bomba. DOT 4, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya inatakiwa kuhimili angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka, lakini mafuta haya hunyonya unyevu, na yakishalowa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Mafuta yaliyokaa miaka ndani ya gari hayana kazi uwanjani. Weka mapya yenye kiwango cha juu, toa upepo vizuri, funga pedi zilizotengenezwa kwa joto kubwa, na usiingie na pedi zilizolika sana maana pedi nyembamba hupitisha joto haraka kwenda kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Magari mengi mepesi, yenye injini ya kawaida, shida yao inaishia hapo.

Baada ya hapo ndipo unapima. Mimi napenda rangi za joto zinazopakwa kwenye ukingo wa diski, kwa sababu ni rahisi na hazibishani na mtu. Zile ninazotumia, ya kijani hugeuka nyeupe kwenye nyuzi 430, ya chungwa hugeuka njano kwenye 560, nyekundu hugeuka nyeupe kwenye 610. Gari langu lilirudi na kijani yote imeisha, chungwa imegeuka, nyekundu iko vilevile. Pedi zangu zinalimudu joto hilo na pedeli ilikuwa imara, kwa hiyo bampa langu halijatobolewa mpaka leo. Rafiki yangu ana gari zito lenye turbo. Kwake nyekundu ilikuwa imekwisha kabisa, na diski zilikuwa na nyufa zilizofika ukingoni. Tayari alikuwa na pedi nzuri na mafuta mapya. Huyo alihitaji hewa, na alipofunga mabomba nyekundu ilianza kubaki.

Kuhusu nyufa: vijistari vyembamba juu ya diski ni vya kawaida kwa gari la uwanjani. Ufa ukinasa ukucha, au ukifika ukingoni, diski hiyo haina mjadala, itupe. Usukani kutetemeka ni habari nyingine. Watu husema diski imepinda, lakini mara nyingi ni masalia ya pedi yaliyogandia vibaya, hasa ukisimama na mguu juu ya breki zikiwa za moto. Maliza kwa mzunguko wa polepole, na ukiegesha usivute breki ya mkono.

Chungulia pia mipira inayozuia vumbi kwenye pistoni za kalipa. Ikikauka na kupasuka, kalipa linaungua. Na kama breki za nyuma ndizo za moto zaidi, shuku kwanza mfumo wa kudhibiti utelezi, ambao hukanyaga breki za magurudumu bila kukuuliza. Bomba la mbele halitakusaidia chochote hapo.

Ukiridhika kwamba hewa inahitajika, ielekeze katikati ya diski, karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Diski yenye matundu ya hewa huvuta kutoka katikati na kutema ukingoni, ikipoa pande zote mbili. Ukipuliza uso mmoja tu, upande mmoja unapoa na mwingine unabaki unaungua, na hapo unakaribisha nyufa. Kabla ya kuondoka gereji zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, uone kama tairi linagusa bomba. Tairi litalikata mapema tu.

Na siku ya mvua au baridi kali, ziba midomo ya mabomba kwa utepe wa gundi, kwa sababu pedi za mbio zikiwa baridi hazishiki.